Kasiksi kwa Wageni: Tano, Nne, Tatu…

Whisky ya Kijapani ina vitabu vya kuwafunza wanaoanza. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, haina. Mgeni akifika kwetu Mweso, mashariki mwa Kongo, hupewa mrija na kuangaliwa usoni. Tumsaidie, tukihesabu kurudi nyuma.

5. Umri. Tangu Aprili 2024 kanuni za chama cha watengenezaji wa Japani zinadai whisky ikae miaka mitatu au zaidi ndani ya pipa la mbao. Kasiksi nayo inajua tatu, ila ni siku. Ukiitunza hadi mwaka ujao, utakuwa na siki ya mtaa mzima.

4. Kuzaliwa. Mwaka 1923 Mjapani Shinjiro Torii alianza kujenga kiwanda cha whisky cha Yamazaki. Mwaka huohuo Bralima, wenye bia ya Primus, walizaliwa Kinshasa, enzi hizo Léopoldville. Na kasiksi? Muulize bibi. Atakujibu kwamba alimkuta bibi yake anaikamua.

3. Mapishi. Ndizi huivishwa shimoni kwenye joto, zikafunikwa majani ya mgomba. Humenywa, hukandwa kwa nyasi mpaka maji yaachane na nyama ya tunda, kisha huchujwa. Huongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, ikaachwa ichachuke. Ukikuta unyasi kwenye kikombe, usukume pembeni, haupunguzi bei.

2. Adui. Mwaka 2018 kampuni ya Suntory ya Japani walisimamisha kuuza whisky yao ya Hibiki ya miaka 17 kwa kupungukiwa akiba. Pole yao. Kwetu, mnyauko bakteria, ugonjwa wa migomba, ulionekana Masisi mwaka 2001, ukafyeka migomba, hasa ya pombe, maana wadudu huubeba kupitia ua dume. Livunje ua hilo mapema kwa kijiti chenye panda, na panga lipitishe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Panga chafu limevunja karamu nyingi kuliko walevi wagomvi.

1. Kunywa. Wajapani hupenda haiboli: whisky, barafu, maji ya soda. Hapa barafu iache. Salimia wakubwa, kaa, ngoja mwenye nyumba aonje kwanza, halafu vuta polepole. Ule utamu ni mtego. Miguu hupata habari kabla ya kichwa.

Na kama ulikuja na pikipiki, mwachie mwenyeji ailaze ndani. Kesho utaikuta. Kasiksi ndiyo hutaikuta.