Heko kwa Shokapu Nyekundu

Tumpongeze ndugu yetu wa Dodoma aliyefunga kwenye pikapu yake shokapu nyekundu, ngumu kama reli ya SGR, zilizobuniwa kwa jangwa la Australia. Safari zake ni mjini hadi Mtumba, lami tupu, na nyuma habebi kitu ila tairi la akiba. Lakini mwenye busara hujiandaa: nani ajuaye siku jangwa litakapohamia Ihumwa, kama serikali ilivyohamia?

Fundi alijaribu kumweleza kwamba mzigo hubebwa na springi, na kazi ya shokapu ni kuituliza isidundedunde. Tena pikapu tupu yenye shokapu ngumu hurusha abiria. Fundi huyo, kwa bahati mbaya, hajui rangi.

Matunda tunayaona. Kila tuta, mwenye gari hubusu paa kwa utosi, ishara ya unyenyekevu. Zabibu alizompelekea mkwewe zilifika zikiwa mvinyo, bila kiwanda wala kodi.

Kule Kondoa, pikapu yenye magunia ya alizeti huvuka makorongo kwa shokapu zinazovuja mafuta. Maskini, hazina hata rangi.