Mtoto wa Paka Atakugeukia: Tunahesabu Kutoka Sita

Ukipewa mtoto wa paka, usiharakishe kumwita Mweupe, Kijivu wala Madoa. Manyoya ya utotoni ni ya muda, na hawa sita ndio hodari wa kugeuka. Haya, wa sita apite mbele!

6. Mwenye manyoya marefu. Leo amefutuka kama pamba. Paka wa aina ya Maine Coon huweza kuchukua miaka mitatu kukamilisha mkia na manyoya ya shingoni. Mwache, bado anavaa!

5. Mweusi tititi. Kweli? Mtoe juani uone milia hafifu ubavuni. Kila paka hurithi michoro. Weusi huifunika tu, na utotoni kifuniko hicho bado chepesi. Ukubwani akianza kuwa hudhurungi, huenda ni jua kali, au chakula kimepungukiwa protini. Mwongezee nyama, rangi ya viatu haimfai.

4. Mweupe mwenye doa utosini. Doa hilo hudokeza rangi ambayo weupe umeificha. Kwa kawaida hufifia akikaribia mwaka mmoja. Ulishamwita Doa? Pole, jina limebaki peke yake.

3. Bengal. Huzaliwa na madoa ya kupendeza, kisha kwenye wiki ya nne hivi huota nywele ndefu za kijivu zinazoyazamisha. Wanunuzi hununa. Tulieni! Akifika miezi mitatu au minne, madoa huanza kuibuka tena.

2. Aliyezaliwa na mvi. Mvi kabla ya meno! Mama akipata homa kali au msukosuko mkubwa akiwa na mimba, rangi huenda isishike vizuri kwenye nywele za watoto, wakazaliwa wa fedha au wa maziwa. Mvi hizo hazimdhuru mtoto. Nywele mpya huja na rangi yake halisi kabla hajatimiza mwaka.

1. Paka wa Siam. Bingwa bila mpinzani. Kimeng'enya kinachotengeneza rangi yake hakifanyi kazi vizuri penye joto. Tumboni mwa mama kuna joto la nyuzi 38 au zaidi, kwa hiyo huzaliwa mweupe. Baada ya hapo sehemu zinazopoa ndizo hukolea: masikio, pua, miguu na mkia. Tumbo lenye joto hubaki la maziwa. Ndiyo maana anayelelewa kwenye baridi ya Limuru hukolea kuliko ndugu yake aliyepelekwa Mombasa, na wote wawili huzidi kukolea wakizeeka. Sasa sikiliza, wewe mwenye naye: daktari wa mifugo akimnyoa ubavuni kwa upasuaji, ngozi hupoa na nywele zinaweza kurudi nyeusi. Usimgombeze daktari. Zikinyonyoka, zitakazofuata zitarudia rangi ya zamani.