Barua ya Wazi kwa TRA: Hongereni kwa Kutotuuliza

Ndugu Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA),

Naomba unifikishie pongezi kwa mabingwa wenu wa mifumo. Tangu mashine za EFD za kutolea risiti zianze kuingia madukani mwaka 2010, wameishika kanuni moja bila kutetereka: mfanyabiashara asiulizwe kitu mpaka afunge duka.

Na kanuni inalipa. Mei 2023 wafanyabiashara wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, waligoma. Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja mwenyewe, umati ukajaa Mnazi Mmoja ukimweleza habari za kamatakamata na usajili wa stoo. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Kuna nchi zinazopoteza fedha kuwakalisha watumiaji na wataalamu kabla mfumo haujatengenezwa. Sisi tunashusha mageti tu, wakubwa wanakuja wenyewe na madaftari.

Ila nina ombi kuhusu winga, yule dalali wa mtaani. Mabingwa wenu wanamjua? Mteja katoka Lubumbashi, winga kamdaka Mtaa wa Kongo, kampandisha hadi fremu ya ghorofa ya tatu. Mwenye duka anataka elfu kumi na mbili. Winga kauza kumi na tano, cha juu ni chake. Haya, risiti isome ngapi? Ikisoma kumi na mbili, mteja anageuka mbogo. Ikisoma kumi na tano, mwenye duka anabeba mauzo ya elfu tatu ambazo hakuzishika. Mashine haina kitufe cha winga. Matokeo yake risiti haitoki kabisa, kisha afisa wenu anamvizia mteja na mzigo wake pale chini.

Sijagusa kontena la kuchangia, ambamo watu kumi wameweka mzigo kutoka Guangzhou na nyaraka zina jina la mmoja. Wale tisa wakidaiwa karatasi za manunuzi, waonyeshe nini? Picha ya kontena?

Nasikitika zaidi kwa sababu bingwa wenu wa mifumo, nina hakika, shati alilovaa ofisini kauziwa na winga.

Basi mfumo ujao ukiwa bado karatasini, mleteni ashinde siku moja na mawinga Mtaa wa Kongo, asikilize bei zinavyopanda ngazi. Likishindikana hilo, tutangazieni mapema tarehe ya mgomo unaofuata, tusije tukaagiza mzigo wiki hiyo.

Wako,
Mdai Risiti wa Msimbazi