Mzigo wa Mwenzio

Kila semina ya kazini siku hizi haikosi mtoa mada, kashuka kwenye gari lenye kiyoyozi, kompyuta yake kabebewa na kijana wa mapokezi, halafu anasimama kutuhubiria nidhamu ya jeshi la Roma. Eti Warumi waliitawala dunia kwa sababu askari wao walibeba bila kunung'unika. Basi leo nanung'unika kwa niaba yao. Wao wamekwisha kufa, na kunung'unika ndiyo fani yangu.

Wa kwanza kulaumiwa ni Gaius Marius, konsuli wa mwaka 107 kabla ya Kristo. Bwana huyu alichoka na misafara mirefu ya wanyama wa mizigo, akaamuru askari wabebe vitu vyao wenyewe. Wakubwa huita hiyo kubana matumizi. Nami najua kubana matumizi: kwetu gari la ofisi liliondolewa, lakini makabrasha yakatakiwa yafike vilevile. Askari wale wakaishia kuitwa baghala wa Marius.

Na walibeba nini? Josephus, aliyepigana na Warumi karne ya 1 kisha akaangukia upande wao, ameorodhesha: msumeno, kikapu, sururu, shoka, ukanda, mundu, mnyororo na chakula cha siku 3. Anasema askari wa miguu alibakiza kidogo tu awe mnyama wa mizigo. Na hapo hatujagusa upanga, mkuki, deraya wala ngao. Ukitaka ushahidi wa macho, tazama nguzo ya kaisari Traianus pale Roma, iliyozinduliwa mwaka 113: askari wamechongwa wakitembea na miti begani, mifuko na vyombo vikining'inia juu. Mwandishi Vegetius naye anataka askari mgeni azoezwe kubeba pauni 60 za Kirumi, kama kilo 20, na kutembea maili 20 za Kirumi, karibu kilomita 30, kwa saa 5 za kiangazi. Mimi mfuko wa unga kutoka dukani naubadilisha mkono mara tatu.

Ukifika hupumziki. Unaishika ile sururu, unachimba handaki kuzunguka kambi na kurundika udongo uwe ukuta. Ndipo hema linasimama: la ngozi ya mbuzi au ndama, kila upande kama mita 3, na wanaume 8 ndani. Baghala alibaki mmoja kwa kila kundi la watu 8, kubeba hema hilo na jiwe la kusagia nafaka. Wanaume 8 waliotembea kutwa, chini ya ngozi iliyolowa mvua! Nani wa kuniambia hapo hakunung'unika mtu?

Hata kabla ya Marius, jemadari Scipio Aemilianus, mwaka 134 kabla ya Kristo huko Numantia, Hispania, aliona askari wake wanadekezwa. Akafukuza wachuuzi kambini, akaondoa mikokoteni, kila mtu akaachiwa chuma cha kuchomea nyama, sufuria na kikombe kimoja. Vitanda marufuku. Tumpe haki yake, na yeye alilala kwenye majani makavu. Ila jemadari analala hivyo kwa kupenda, askari kwa kuamriwa, na mbavu zinaijua tofauti.

Kwamba walinyamaza ni uzushi. Mwaka 14 baada ya Kristo, kaisari Augustus alipofariki, majeshi ya jimbo la Pannonia yaliasi. Miongoni mwa malalamiko yao ni kuchoka kuwahonga maofisa ili wapunguziwe kazi. Kikosi kilichotumwa Nauportus kutengeneza barabara na madaraja kilimgeukia mkuu wa kambi, Aufidienus Rufus. Huyu alianza kama askari wa kawaida, akabeba miaka mingi, na alipopanda cheo akarudisha ukali wa kizamani. Hapo ndipo ninapoumia zaidi. Unadhani aliyewahi kubeba atakuhurumia, kumbe ndiye atakayekuambia, "Mbona sisi tulibeba?" Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hata kama juzi ulikuwa mgongoni mwako.

Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba waasi walimburuta Rufus kutoka kwenye gari lake, wakamtwisha mizigo, wakamswaga mbele ya msafara huku wakimuuliza kwa kejeli anaionaje raha ya shehena kubwa na safari ndefu. Alijibu nini, Tacitus hasemi. Nadhani alikuwa anahema.