Jinsi ya Kuumaliza Msitu wa Karura Bila Kutokwa Jasho

Ndugu yangu, unataka sifa za mpanda milima na magoti yako yanataka kochi. Usione haya, umefika penyewe. Karura, kaskazini mwa Nairobi, ina zaidi ya hekta 1,000 za msitu, na njia zake nyingi hazina mlima wa kukutia hofu. Fuata hatua hizi.

1. Chelewa kidogo. Alfajiri ni zamu ya wakimbiaji. Wewe fika saa tatu, wakati wanatoka. Pitia katikati yao ukihema na uwasalimie kama mwenzao. Nani atajua kwamba ndiyo kwanza unaingia?

2. Usifute viatu. Udongo wa Karura ni mwekundu na hung'ang'ania soli. Mvua ikiwa imenyesha usiku, hatua chache tu zitakupaka hadi kwenye kamba za raba. Nenda nazo hivyo hivyo hadi nyumbani.

3. Kodi baiskeli. Zinapatikana humo msituni. Njia ni ya wote: wenye miguu, wenye magurudumu na wenye mbwa waliofungwa kamba. Kwa hiyo piga kengele mapema na upunguze mwendo ukiona mtoto. Huo ni ustaarabu, na tena ni mapumziko ambayo hakuna atakayekulaumu kwayo.

4. Kwenye kilima, tafuta mbega. Shuka, sukuma baiskeli taratibu, tazama juu. Anayetazama wanyama hachoki, anachunguza. Nao mbega wapo kweli. Walirejeshwa Karura katika muongo uliopita. Anza kutafuta mkia: mrefu, mweupe, unaning'inia wima chini ya tawi huku mwenyewe amejificha kwenye majani. Mpe dakika kumi. Mapigo ya moyo yatakuwa yametulia.

5. Kariri namba. Makutano ya njia yamewekewa namba. Shika mbili tatu, uzitaje kazini kwa sauti ya kawaida. Mtu anayeujua msitu kwa namba haulizwi amekwenda kilomita ngapi.

6. Piga picha kwenye maporomoko, kisha kaa. Maji yanaanguka kama mita 15, na picha itakufanyia kazi yote ya kujisifu. Ukishaipata, weka simu mfukoni. Kando ya mto yapo mapango ambayo inasimuliwa kuwa wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Simama mlangoni uhisi baridi yake. Hapo hutahitaji kudanganya mtu.

7. Malizia mchana City Park. Teremka Barabara ya Limuru hadi Parklands. Huko burudani inakufuata ulipokaa: familia zenye vikapu, watoto wakikimbizana, na kima wanaokuja kukagua chakula chako bila kualikwa. Funga mfuko. Kisha nyoosha miguu hadi kwenye makaburi ya Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa 1965, na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais. Umepata historia ya nchi kwa hatua chache.

8. Hapa usikwepe. Njia zote za mkato ni halali isipokuwa kuruka kiingilio na kuingia na chupa ya plastiki. Plastiki za kutumia na kutupa zilipigwa marufuku misituni na mbugani tangu Juni 2020. Msitu huu unastahili heshima hiyo, maana ulikuwa umeanza kugawiwa watu binafsi wajenge. Tarehe 8 Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti, wakapigwa na walinzi, yeye akapasuliwa kichwa. Agosti mwaka huo Rais Moi akasitisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Damu ile haikumwagika kwa ajili ya wanariadha peke yao. Ilimwagika ili hata wewe mwenye magoti mazito uwe na kivuli cha kupumzikia. Basi kitumie bila aibu, nenda polepole, rudi wiki ijayo na jirani mvivu kukushinda.

Na Jumatatu wakikuuliza ulitembea kiasi gani, jibu: "Tulizunguka sana." Usiongeze neno.