Picha Moja kwa Siku

Wenzangu mlio na ndoa na watoto mtanielewa. Baba mwenye nyumba akitaka jambo dogo kwake, lisilo na gharama wala kelele, ajue ameitisha baraza. Mimi nilitaka kupiga picha moja tu kila siku. Si ya harusi wala ya Idi: boflo lililomegwa, kandambili zilizotupwa mlangoni, mtoto anayesinzia juu ya juzuu.

Waziri wa Mambo ya Ndani, yaani mama watoto, akanihoji. Nikamsimulia habari za Jamie Livingston wa New York, aliyeanza tarehe 31 Machi 1979 kupiga picha moja ya Polaroid kila siku. Hakuacha mpaka alipofariki tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyotimiza miaka 41. Aliacha picha zaidi ya 6,000: marafiki, vyakula, vyumba, hospitali. Mama watoto alisikiliza kwa huruma, kisha akauliza, "Na vyombo alikuwa akimuoshea nani?" Nikashika sifongo.

Kesho yake nikamvizia Bi Mkubwa, mama mkwe wangu, akichagua mchele kwenye ungo, miwani imemteremka puani. Kuona simu tu, ungo chini, yeye ndani. Alirudi na kanga mpya na wanja machoni, akakaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti. "Haya mwanangu, piga sasa." Kuku wa jirani walikuwa wameshaufikia mchele, na lawama zote zikaniangukia mimi.

Simlaumu hata kidogo. Bi Mkubwa amekulia zama za studio. Pale Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na Waunguja wa vizazi kadhaa wamesimama mbele ya kamera za studio kama hiyo. Kwenda kupigwa picha ilikuwa safari: mtu anaoga, anavaa, anajifukiza udi, anaambiwa atulie. Picha ilikuwa ghali, basi nani angeipoteza kwa mchele?

Tatizo lilijitokeza tulipofungua albamu yake. Maharusi wamejaa, hakuna anayecheka. Akagusa picha ya marehemu mama yake, iliyo moja tu. "Huyu alikuwa hakai kwenye mbuzi bila kuimba," akasema. "Akikuna nazi, mtaa mzima unajua. Hapa kanuna." Sote tukanyamaza, hata Bwana Ushuru.

Bwana Ushuru ni kitinda mimba wetu. Anatoza biskuti kwa kila picha, na ukichelewa kulipa anafumba macho. Dada yake, Mama Mkubwa Mdogo, haruhusu simu itolewe mpaka nywele zisukwe upya. Na Shemeji Nipo Njiani, ndugu wa mke wangu, ambaye kila alfajiri anasema anaondoka, haiwezekani kumkwepa. Piga dirisha, atapita na sahani. Piga paka, mguu wake umo. Juu ya hayo simu ikajaa, maana mama watoto amehifadhi humo video za harusi za ukoo mzima, na kufuta hata moja kunahitaji kikao cha wazee.

Mwishowe mama watoto aliichukua simu yenyewe, na madaraka yakahama. Yeye hatangazi. Anapiga akipita, mkono mmoja umeshika mwiko: Bi Mkubwa akicheka hadi machozi, Bwana Ushuru akimlisha paka biskuti alizotoza, Shemeji amelala kando ya begi lililofungwa tayari. Picha zake ni bora kuliko zangu, na nasema hivyo kwa furaha ya kweli. Anajua ni saa ngapi nani nyumbani husahau kuwa anatazamwa.

Sherehe zina wapiga picha wake, na wanalipwa. Siku ya kawaida haina mtu, ilhali ndiyo tunayoishi karibu umri wote, na ndiyo tutakayoulizwa na wajukuu. Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye nyumba yenye makelele, piga picha wakati mchele unachaguliwa, kabla hawajakimbilia kanga mpya. Kisha zichapishe, kwani simu huibwa na huanguka chooni. Kwetu Bi Mkubwa ameshaamuru albamu ya pili, na mlipaji ni mimi. Nimelipa kwa moyo mweupe.