Ogopa Mwenye Nyumba Mpole

Madalali wa Dar es Salaam nimewalaani miaka mingi. Unatoa hela ya kuonyeshwa nyumba, unazungushwa vichochoroni juani, unafikishwa kwenye chumba kilichopangishwa tangu juzi. Ukibahatika kupata, dalali anabeba kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kunyoosha kidole. Lakini tangu mpwa wangu apate nafasi ya kusoma Leeds, Uingereza, nimeanza kuwaombea dua. Dalali wetu, pamoja na yote, choo unakiona.

Kijana alinijia mbio na simu mkononi. "Mjomba, nimepata fleti nzima! Pauni 350 kwa mwezi, umeme, maji na intaneti humohumo!" Kilichobaki eti ni mjomba kutuma kodi ya mwezi mmoja na amana ya miezi miwili. Wazazi wake wote wapo, wazima wa afya, lakini zikitajwa pauni ukoo mzima hunikumbuka mimi.

Nikaomba nisome ujumbe wa huyo mwenye nyumba. Jamani, upole! Ni mhandisi, mcha Mungu, yuko kwenye mtambo wa mafuta katikati ya bahari. Kwa hiyo hawezi kuonyesha nyumba, na ufunguo anao yeye peke yake huko huko baharini. Tukishalipa atautuma kwa kifurushi. Hakuuliza mpangaji anafanya kazi gani, anavuta sigara, wala ana fujo. "Nakuamini," kaandika, "Mungu akubariki." Na ili nasi tumwamini, akatuma picha ya pasipoti, ambayo nadhani ni ya maskini aliyelizwa kabla yetu.

Hapo nikachoka. Nimepanga nyumba mjini hapa karibu maisha yangu yote, sijaona mwenye nyumba anayemwamini mpangaji. Tena England sheria yenyewe inamkataza kuamini: kabla hajapangisha lazima akague kama mgeni ana haki ya kuishi nchini, akizembea faini inamhusu. Mhandisi wetu viza hakuigusa. Na amana, tangu 2019, kwa nyumba za kawaida haizidi kodi ya wiki tano, na ndani ya siku 30 inatakiwa iwe imehifadhiwa kwenye mpango unaotambuliwa na serikali. Yeye anataka ya miezi miwili, iingie akaunti iliyo nchi nyingine kabisa.

"Lakini mjomba, tazama picha." Nikavaa miwani. Jiko safi, marumaru zinang'aa. Ukutani, juu ya birika, soketi ina matundu mawili ya duara.

"Chaja yako ina pini ngapi?"

"Tatu."

"Aliyetuletea pini tatu ni nani?"

Kimya. Mwingereza katutawala, kaondoka, katuachia soketi zake. Leo zimshinde kufunga jikoni kwake? Tukaipandisha picha mtandaoni kutafuta zinazofanana nayo, ikaibukia kwenye tangazo la nyumba ya wageni, Ureno.

Nikatoa amri. Akifika, alale hosteli kwanza. Aulize ofisi ya makazi ya chuo, ndiyo kazi yao. Na senti yangu haitoki mpaka mtu tunayemfahamu asimame kwenye huo mlango, abishe hodi, afunguliwe. Watanzania Leeds wapo, na kwetu nani anakataa kutumwa akachungulie nyumba ya mtu?

Sasa kapata chumba kwa mama mmoja wa huko. Chumba kidogo, bafu la kuchangia, kodi imepanda juu. Huyo mama kadai viza, barua ya chuo, taarifa ya benki na mdhamini anayeishi Uingereza, kisha kauliza kama kijana wetu ana tabia ya kukaanga samaki usiku. Nimeudhika kwa niaba ya ukoo. Lakini kwa usumbufu wote ule, huyu nyumba anayo.